Je, Sumu ya Nyoka Hulala Mwilini?

Swali la msomaji: Daktari, siku tisa zilizopita mdogo wangu mwenye umri wa miaka 19 aligongwa na nyoka kwenye kifundo cha mguu jioni akiwa anakata nyasi. Nyoka hatukumwona vizuri, tuliona matundu mawili madogo tu. Mguu ulivimba kidogo, tukaufunga kamba kwa muda, maumivu yakawa ya kuvumilika na usiku akalala vizuri. Asubuhi alipokuwa akipiga mswaki fizi zilianza kuvuja damu isiyokoma, ndipo tukamkimbiza hospitali. Alitundikiwa dawa ya sumu ya nyoka na siku ya nne akaruhusiwa. Sasa ana homa, vipele vinavyowasha, na viungo vinamuuma. Jirani anasema sumu ilikuwa imelala na sasa imeamka. Je, ni kweli sumu hulala? Na madhara yake hudumu kwa muda gani?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa yaliyomfika mdogo wako, na poleni nyote mliomuuguza. Nianze na jibu lenyewe ili usilazimike kulitafuta mwishoni: sumu ya nyoka hailali. Tangu inapoingia mwilini huwa kazini, ila sehemu ya kazi yake haina uvimbe wala maumivu, na ukimya huo ndio watu huuita usingizi. Yaliyompata mdogo wako asubuhi ile na yanayompata sasa ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza lilikuwa sumu. La pili, kwa namna ulivyolieleza, linafanana sana na mwitikio wa mwili dhidi ya dawa iliyomwokoa, nami nitalirudia mwishoni kwa urefu. Kwa sasa itoshe kusema kwamba arudi hospitali leo, asingoje kesho, kwa sababu hali hiyo hutibika, na kwa sababu daktari atataka kuhakikisha kwamba damu yake na figo zake ziko salama.

Wengi huidhania sumu ya nyoka kuwa kitu kimoja, kama chumvi ilivyo chumvi. Sivyo. Ni mchanganyiko wa makumi ya protini, vikiwemo vimeng'enya, unaotengenezwa katika tezi zilizo nyuma ya macho ya nyoka, naye huutumia kwanza kulilemaza windo lake na kuanza kulilainisha kabla hajalimeza. Mchanganyiko huo hutofautiana kati ya aina moja ya nyoka na nyingine, na hata ndani ya aina moja hubadilika kulingana na eneo na umri wa nyoka. Duniani kuna zaidi ya aina 3,000 za nyoka. Zenye sumu ni kama 600, na kati ya hizo ni 200 na ushei tu zinazoweza kumuua binadamu au kumwachia kilema. Hizo chache zinatosha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka, kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 huingiwa na sumu, na kati ya 81,000 na 138,000 hufariki dunia. Wanaobaki na kiungo kilichokatwa au ulemavu mwingine wa kudumu ni karibu mara tatu ya wanaokufa. Kundi hili la mwisho ndilo linalosahaulika kwa urahisi, kwa kuwa aliyeepuka kifo huhesabiwa kuwa amepona.

Kwa daktari aliye kando ya kitanda, kazi za sumu hugawanyika katika njia tatu kubwa: ipo inayovuruga damu, ipo inayozima mishipa ya fahamu, na ipo inayoua nyama ya mahali palipoumwa. Mgawanyo huu ni wa kurahisisha mambo tu, kwa maana kifutu mmoja anaweza kuvimbisha mguu na kuvuruga damu kwa pamoja, na wapo swila ambao sumu yao huozesha nyama kuliko inavyopoozesha. Nianze na damu, kwa kuwa ndiyo iliyomgusa mdogo wako.

Damu yetu ina akiba ya protini zinazoigandisha pale mshipa unapochanika, na mojawapo iliyo muhimu zaidi ni fibrinojeni. Sumu ya nyoka wengi wa jamii ya vifutu, na ile ya boomslang, nyoka mwembamba aishiye mitini, huuwasha mfumo huo wa kugandisha bila sababu yoyote, tena katika mwili mzima kwa wakati mmoja. Vibonge vidogo mno hutengenezwa na kuyeyushwa, hutengenezwa na kuyeyushwa, mpaka akiba yote inakwisha. Hapo hutokea jambo ambalo huwachanganya hata wanafunzi wa udaktari: sumu yenye kugandisha ndiyo inayoiacha damu ikiwa haiwezi kuganda. Kazi hii yote hufanyika ndani ya mishipa na huenda mguu usivimbe sana. Usiku ule mdogo wako alipokuwa amelala vizuri, akiba yake ndiyo iliyokuwa ikimalizika. Fizi zilitangulia kuvuja kwa kuwa mswaki hukwangua vijeraha visivyoonekana, ambavyo siku nyingine zote hujiziba vyenyewe kabla mtu hajatema maji. Baada ya fizi hufuata pua, mkojo, na makovu ya zamani; tunachokihofia kuliko vyote ni damu kuvuja ndani ya ubongo.

Ukimya huu huweza kumdanganya hata mjuzi. Mwezi Septemba 1957, Karl Patterson Schmidt, mtaalamu mashuhuri wa nyoka katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago, aliletewa nyoka mchanga ili amtambue. Alikuwa boomslang. Alipomshika, nyoka alimuuma kwenye kidole gumba, na jino moja tu ndilo lililozama, kwa kina cha milimita 3 hivi. Schmidt alikuwa na miaka 67, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia akiwachunguza viumbe hawa. Akapima mambo kwa akili yake, kwamba nyoka ni mdogo na jino ni moja, akaona hakuna haja ya kutibiwa. Badala yake alichukua kalamu akaanza kuandika dalili zake. Aliandika kichefuchefu kilichompata ndani ya treni akirudi nyumbani, kisha baridi kali na kutetemeka, kisha homa, kisha fizi zinazovuja damu. Aliandika kwamba usiku alilala vizuri. Baada ya saa sita usiku aliandika kwamba mkojo wake ulikuwa damu zaidi kuliko mkojo. Asubuhi alikula, akajiona ana nafuu, ingawa kinywa na pua viliendelea kuvuja kidogo kidogo. Alasiri ya siku hiyo hiyo alikufa, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha kwamba damu ilikuwa imevuja katika mapafu, figo, moyo na ubongo. Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu ya yale maneno mawili, alilala vizuri, ambayo nawe umeyaandika katika barua yako.

Kipimo kinachoufichua ukimya huu hakihitaji mashine wala umeme. Mhudumu wa afya huchota mililita 2 za damu kutoka kwenye mshipa, huitia katika kichupa cha kioo kilicho safi na kikavu, hukisimamisha mahali ambapo hakitatikiswa, na hutazama saa. Zikitimia dakika 20 hukiinamisha mara moja tu. Damu iliyo salama itakuwa imeshikamana kuwa bonge linalobaki mahali pake; iliyovurugwa hutiririka ukutani mwa kioo kama maji mekundu. Ni lazima kiwe kioo, kwa sababu damu haigandi ipasavyo ndani ya plastiki, na kisiwe kimewahi kuoshwa kwa sabuni, maana mabaki ya sabuni huweza kuizuia damu isigande na kumtia mtu mzima katika kundi la wagonjwa. Kipimo kikiwa kizuri mara ya kwanza bado hurudiwa baada ya saa kadhaa, na mgonjwa hukaa chini ya uangalizi kwa muda wa saa 24 angalau. Usishangae basi unapoona daktari anakataa kumruhusu mtu anayesema hana tatizo lolote.

Njia ya pili ni ya mishipa ya fahamu, na humo ndimo walimo koboko, baadhi ya swila, na kraiti wa Asia. Ili msuli ukaze, ncha ya neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huingia kwenye vipokezi vya msuli mfano wa ufunguo katika kitasa. Sumu ya swila huziba kitasa. Ya koboko huongeza jambo jingine, kwani huzifanya neva zimwage kemikali hiyo kupita kiasi na kuizuia isivunjwe, na ndiyo sababu mgonjwa wake huanza kwa kuchezacheza misuli, kutokwa na jasho na kujaa mate kabla hajalegea. Sumu ya kraiti, na ile ya taipani wa Australia, huibomoa ncha yenyewe ya neva. Ikishabomolewa, hakuna dawa inayoijenga upya kwa siku moja, bali mwili huijenga taratibu kwa siku na hata wiki.

Kupooza huku huanzia juu na kushuka. Kope ndizo zinazotangulia kulegea, na ndugu hudhani mgonjwa amezidiwa na usingizi, hivyo humwacha apumzike, jambo ambalo ni hatari kubwa. Baadaye huona vitu viwili viwili, sauti humbadilika, mate humshinda kumeza, shingo haibebi tena kichwa, na hatimaye misuli ya kupumua hukoma. Kwa koboko safari hiyo yote huweza kukamilika ndani ya saa chache tu. Kraiti huwa mjanja zaidi: huuma usiku, mara nyingi watu wakiwa wamelala sakafuni, kwa meno madogo yasiyoacha uvimbe, na maumivu yake huwa hafifu kiasi cha kutomwamsha mtu. Aliyeumwa huamka alfajiri akilalamikia tumbo, macho yakiwa hayafunguki sawasawa, na pengine hajui kabisa kwamba aliumwa. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, ambacho watu hukifikiria kwa ajili ya mbu peke yake, ni kinga nzuri dhidi ya nyoka huyu.

Katika sehemu hii kuna jambo ambalo ningependa kila mtu alijue. Mgonjwa aliyepooza kwa sumu ya namna hii husikia. Hawezi kufungua macho, hawezi kujibu, mboni zake huenda zisiitikie mwanga wa tochi, na mtu asiyejua ataapa kwamba amekufa, lakini akili yake ipo. Ukimwambia atikise kidole cha mguu, mara nyingine hukitikisa. Akisaidiwa kupumua, iwe kwa mdomo, kwa mfuko wa kupumulia au kwa mashine, anaweza kurejea akiwa mzima baada ya siku kadhaa, kwa kuwa sumu hii haikugusa ubongo wake. Kinachomuua ni kukosa hewa. Kwa hiyo msikate tamaa njiani, wala msijadili mazishi kando ya kitanda chake.

Njia ya tatu haihitaji maelezo marefu, kwa sababu huonekana kwa macho. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe, huleta maumivu makali tangu mwanzo, na uvimbe huanza kupanda, kutoka unyayo hadi gotini, kutoka gotini hadi kinenani, kwa siku moja au mbili. Malengelenge hutokea, ngozi hubadilika rangi kuwa ya zambarau na kisha nyeusi, na nyama iliyo chini hufa. Kinachosahaulika ni kwamba uvimbe huo ni maji yaliyotoroka kutoka kwenye mishipa, hivyo mguu unavyozidi kunenepa ndivyo shinikizo la damu linavyozidi kushuka, na mtoto mdogo anaweza kufa kwa sababu hiyo pekee. Nyama iliyokwisha kufa haifufuliwi na dawa yoyote. Huondolewa na daktari wa upasuaji, na hapo baadhi ya watu hupoteza vidole au mguu mzima. Figo nazo huumia kwa njia nyingi, kwa kukosa damu ya kutosha, kwa kuzibwa na mabaki ya misuli iliyoharibiwa, au kwa sumu yenyewe, kama inavyotokea mara nyingi kwa walioumwa na kifutu wa Russell huko Asia. Na wapo swila watemao, ambao hurusha sumu umbali wa mita 2 au zaidi wakilenga uso. Sumu iliyoingia jichoni huoshwa papo hapo kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha jicho lipimwe na daktari, kwani kioo cha jicho kikichimbika na kuachwa bila tiba mtu huweza kupofuka.

Sasa niseme neno juu ya ile kamba, bila kuwalaumu, maana mlifanya ambacho wengi wangefanya. Kamba iliyokazwa haizuii sumu kwa namna inayomsaidia mgonjwa. Huizuia damu isiufikie mguu, na mguu uliokosa damu kwa muda mrefu hufa hata kama nyoka hakuwa na sumu. Zaidi ya hapo, kamba iliyokaa muda mrefu ikikatwa ghafla, sumu iliyojikusanya huingia mwilini kwa mkupuo, na mgonjwa huweza kuanguka na kuacha kupumua. Kwa hiyo anayeletwa akiwa amekazwa kamba tangu zamani tunamfungulia hospitalini, polepole, tukiwa tumeshaweka dripu na dawa ziko karibu. Kuchanja kwa wembe ni kubaya zaidi, hasa kwa mgonjwa kama mdogo wako ambaye damu yake haigandi: kila chale huwa bomba lisilofungika. Kunyonya kwa mdomo au kwa pampu hakutoi kiasi chochote cha maana, kwa sababu sumu imeshapenya ndani ya nyama na kuanza kusafiri. Jiwe jeusi, shoti ya umeme, barafu, mafuta ya taa na pombe havijawahi kuthibitika kusaidia, na vingine huumiza.

Utaniuliza, mbona watu huapa kwamba waliona jiwe likiponya? Waliona kweli. Nyoka mwenye sumu ana uwezo wa kuuma bila kumwaga sumu, au akamwaga kidogo tu, na jambo hilo hutokea mara nyingi. Isitoshe, nyoka wengi wanaouma watu hawana sumu kabisa. Watu hao wote wangepona hata kama wangepewa maji matupu, na kila mmoja wao huwa shahidi wa dawa aliyoitumia. Aliyeingiwa na sumu ya kutosha akafa, hatoi ushahidi.

Kinachosaidia ni kichache na hakina mbwembwe. Mwondoe mtu mahali alipo nyoka, wala msimwinde huyo nyoka, kwa sababu mara nyingi anayekwenda kumuua huwa mgonjwa wa pili, na hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda fulani baadaye. Kama picha inaweza kupigwa kwa simu kutoka mbali, vizuri. Kama haiwezekani, dalili zitatuongoza. Vueni pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujavikaza. Mlazeni, na kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao au fimbo kama mtu aliyevunjika mfupa, kwa maana msuli unaojongea ndio unaoisukuma sumu kwenda mbele. Asitembee. Abebwe kwa machela au kwa chombo chochote cha usafiri, akilazwa ubavu iwapo anatapika au kope zimeanza kulegea. Kwa maumivu apewe parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa hizo mbili humwongezea mtu kuvuja damu. Ipo pia bandeji pana inayoviringishwa kiungo kizima kwa kubana kiasi, mbinu iliyotokea Australia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya nyoka wenye sumu ya kupoozesha. Huko imeokoa watu wengi, lakini kwa sumu ya kifutu huweza kuifungia mahali pamoja ikazidi kuozesha nyama, na kuifunga ipasavyo kunahitaji mazoezi. Usipojua ni nyoka gani na hujafundishwa, banzi na mwendo wa haraka kwenda hospitali vinatosha.

Dawa pekee inayoshambulia sumu yenyewe ni antivenomu. Albert Calmette wa Ufaransa alikuwa miongoni mwa walioianzisha katika miaka ya 1890, na muda si mrefu Vital Brazil akaonyesha kule São Paulo kwamba dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka mmoja haimfai aliyeumwa na nyoka wa jamii nyingine. Msingi wake haujabadilika sana hadi leo. Farasi au kondoo huchomwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijae kingamwili, kisha kingamwili hizo huchujwa, husafishwa na kuwekwa kwenye chupa. Mgonjwa hupewa kupitia mshipa, na mtoto hupewa dozi ile ile ya mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpunguzia sumu kwa kuwa ni mdogo. Hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi, lakini maadamu damu bado haigandi, hata siku ya pili au ya tatu haijachelewa, kama mlivyoona kwa mdogo wako: sumu ikifungwa na kingamwili, ini hutengeneza fibrinojeni mpya na ndani ya saa chache kichupa huanza kuonyesha bonge. Tatizo kubwa la dawa hii ni upatikanaji. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi ilisitisha utengenezaji wa Fav-Afrique, mojawapo ya antivenomu zilizotegemewa sana barani Afrika, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa yanayohitaji kipaumbele cha juu.

Juu ya madhara ya kudumu, yanategemea njia ambayo sumu ilipita. Aliyevurugwa damu peke yake, na ambaye damu haikuvuja katika ubongo, kwa kawaida hupona kabisa, na hapo ndipo ninapomweka mdogo wako kwa jinsi ulivyonieleza. Aliyepooza akasaidiwa kupumua mapema naye hupona. Aliyekufa nyama ndiye anayebeba mzigo mrefu: makovu yanayovuta kiungo hadi kisikunjuke, vidonda vinavyofunga na kufunguka kwa miaka, na mara chache saratani ya ngozi inayochipuka katika kidonda cha muda mrefu. Figo zilizoumia sana huenda zisirudi katika hali yake ya awali. Tena yapo madhara ya moyoni, ambayo hospitali nyingi hazina mazoea ya kuyauliza. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huo ni ukweli wa kitabibu pia: watu huota ndoto mbaya, hukataa kurudi shambani, huogopa kuingia chumba chenye giza. Mdogo wako akionyesha hayo baada ya wiki kadhaa, msimcheke.

Turudi basi kwenye homa, vipele na viungo. Kingamwili za farasi ni protini ngeni, na mwili wa mdogo wako umezitambua hivyo na kuanza kutengeneza silaha dhidi yake. Kazi hiyo huchukua kama wiki moja, ndiyo maana dalili huanza wakati mgonjwa ameshafika nyumbani na kila mtu ameanza kusahau. Vipele huwasha, viungo huuma na pengine kuvimba, tezi za shingoni au kwapani hujitokeza, na homa huja. Daktari humpa dawa za mzio, na zisipotosha humwongezea prednisoloni kwa siku chache, na kwa kawaida hali hii hutulia bila kuacha alama. Pamoja na hayo, daktari atakiangalia kidonda kama kimeingiwa na wadudu, atachunguza kama homa ina chanzo kingine, atapima mkojo, na atarudia kile kipimo cha kichupa. Kama uso unamvimba, kama anapumua kwa shida, au kama mkojo umepungua sana au umegeuka rangi kuwa ya kahawia, msisubiri gari la kesho.

Jambo la mwisho ni dogo lakini lina uzito. Ombeni hospitali iandike kwenye kadi yake jina la antivenomu aliyopewa, tarehe, na mzio uliomtokea. Kuumwa mara moja hakumpi kinga ya kutosha dhidi ya mara nyingine. Ikitokea akagongwa tena na dalili za sumu zikaonekana, mzio wa sasa hautakuwa sababu ya kumnyima dawa. Daktari ataisoma kadi, ataweka adrenalini karibu, na atamtundikia.